Mtoto wa Mchoma Chokaa

Fomu ya chuo ilikuwa na mstari mmoja tu ulionitoa jasho: Kazi ya mzazi au mlezi. Niliandika "mkulima". Haukuwa uongo mtupu. Nyumbani, Kilwa Masoko, tuna minazi kadhaa na kishamba cha mihogo. Lakini hakuna ada yangu hata moja, tangu chekechea mpaka kidato cha sita, iliyotoka kwenye mihogo. Zote zilitoka kwenye chokaa. Baba yangu ni mchoma chokaa, na nilipopanda basi kwenda Dar es Salaam niliona hilo ni jambo la kuachwa Nangurukuru, pale basi linapoingia barabara kuu.

Kwa asiyewahi kuona tanuri la chokaa la pwani yetu, nieleze. Halina ukuta wala bomba la moshi. Ni magogo yaliyopangwa duara, safu juu ya safu, katikati limeachwa tundu la kuwashia, na juu yake vimerundikwa vipande vya mawe ya matumbawe. Huwashwa jioni, upepo ukitulia, na linawaka usiku kucha. Likishapoa, mawe yametoka meupe pe, na mepesi kuliko yalivyoingia, kwa sababu joto la karibu nyuzi 900 limeyatoa hewa ya kaboni dayoksaidi iliyokuwa imefungwa ndani yake. Hiyo ndiyo chokaa hai. Ukiimwagia maji inachemka yenyewe bila moto, inapasuka, inafuka, kisha inatulia ikiwa uji mweupe. Kazi hiyo baba huiita kuizima.

Aibu yangu ilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ya kitoto: mikono yetu na nywele zetu hazikuisha weupe, na shule ya msingi walituita watoto wa majivu. Ya pili ilikuja kidato cha pili, siku mwalimu wa jiografia alipotufundisha kuwa matumbawe ni kazi ya wanyama wadogo wanaojenga mawe kwa miaka mingi sana, kwamba yakivunjwa samaki hawana pa kuzalia, na kwamba kuyachimba baharini ni kosa kisheria. Hakumtaja mtu, wala hakuwa na haja. Darasa zima liligeuka kunitazama.

Jioni ile nilimuuliza baba. Hakukwepa. Alisema zamani, kabla sijazaliwa na nilipokuwa mdogo, waliyatoa baharini maji yakitoka, kwa mtaimbo. Siku hizi anachimba mawe makavu ya nchi kavu, yale yaliyokuwa bahari enzi za kale. "Ulibadilisha kwa sababu ya samaki?" nikauliza. "Nilibadilisha kwa sababu ya doria," akasema. "Samaki nilikuja kuwaelewa baadaye." Sikumwuliza tena. Nilichokisikia ni kwamba sare yangu, madaftari yangu na nauli yangu vilikatwa kwa mtaimbo kutoka kwenye mwamba uliokuwa hai.

Sasa nipo mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, na kazi yangu ni kutengeneza tando nyembamba za tabaka kwa tabaka kutokana na chembe za koloidi. Koloidi si neno la kutisha. Ni chembe ndogo mno zilizotawanyika ndani ya kimiminika, haziyeyuki na wala hazizami. Maziwa ni koloidi. Wino ni koloidi. Maji ya mto Matandu baada ya mvua, yale yanayobaki mekundu ndooni hata ukiyaacha yatulie usiku kucha, ni kwa sababu ya koloidi. Hazizami kwa kuwa ni ndogo kiasi kwamba maji yenyewe huzisukumasukuma, na hazigandani kwa kuwa zote zimebeba chaji ya aina moja, na chaji zinazofanana husukumana.

Njia ninayoitumia ilielezwa mwaka 1966 na Ralph Iler, mkemia wa kampuni ya DuPont ya Marekani. Unachukua kioo safi. Ndani ya maji, uso wa kioo una chaji hasi. Unakitumbukiza kwenye bika lenye chembe za alumina zenye chaji chanya, nazo zinakimbilia kukishika. Lakini hazirundikani bila mwisho. Zikishaufunika uso wote, uso wenyewe umekuwa chanya, na chembe nyingine chanya zikija zinasukumwa nyuma. Tabaka linajisimamisha lenyewe. Unakitoa kioo, unakisuuza kwa maji yaliyokenekwa, unakitumbukiza kwenye bika la pili lenye chembe za silika, ambazo ni hasi. Nazo zinashika, zinafunika, zinasimama. Unasuuza tena. Unarudi bika la kwanza. Makala ya Iler ilikaa bila kelele nyingi mpaka miaka ya 1990, Gero Decher na wenzake huko Ujerumani walipofanya vivyo hivyo kwa molekuli ndefu zenye chaji, na njia hiyo ikaenea maabara za dunia nzima.

Chembe zangu zina upana wa nanometa ishirini hivi. Unywele mmoja una upana wa makumi elfu ya nanometa. Kwa hiyo tabaka la kwanza hulioni. La pili hulioni. Unafanya kazi kwa imani. Halafu, tabaka zikiongezeka, kioo kisicho na rangi kinaanza kuonyesha hudhurungi ya mbali ukikiinamisha dirishani, kisha zambarau, kisha buluu. Hakuna rangi yoyote iliyotiwa. Mwanga unaorudishwa na uso wa juu wa utando unakutana na ule unaorudishwa na uso wa chini. Rangi nyingine zinauana, nyingine zinasaidiana. Ndivyo mafuta yanavyofanya kwenye dimbwi la barabarani.

Faida yake ni nini? Swali hilo huulizwa sana na wajomba. Kioo cha kawaida hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga katika kila uso. Kwenye paneli ya sola, mwanga unaorudi ni umeme uliopotea. Utando wa chembe una nafasi za hewa katikati yake, hivyo unakuwa daraja kati ya hewa na kioo, na ukipatiwa unene unaofaa, mwanga mwingi zaidi unapita badala ya kurudi. Hiyo ndiyo tasnifu yangu: kupata unene huo kwa vifaa rahisi, bika, saa na mikono.

Miezi miwili ya kwanza sikupata kitu. Vioo vyangu vilitoka na mabaka kama ngozi yenye mba. Niliwapa lawama chembe, kioo, joto la Dar es Salaam. Msimamizi wangu aliomba nimwonyeshe ninavyofanya, akasimama nyuma yangu kimya, kisha akauliza: "Mbona unasuuza kama mtu anayekimbizwa?" Ni kweli. Maji yaliyokenekwa yalikuwa ya kugombania, foleni ya mashine ilikuwa ndefu, nami nilikuwa nachovya kioo mara moja na kusonga mbele. Chembe chanya ambazo hazijashika vizuri zilibaki zikielea kwenye kioo, nikazipeleka mwenyewe kwenye bika la chembe hasi. Zikakutana huko, zikagandana kuwa mabonge, mabonge yakatua juu ya utando. Nilikuwa nahesabu tabaka ninazoweka na kusahau ninachopaswa kuondoa.

Usiku ule nilicheka peke yangu bwenini. Nilikuwa nimeshaambiwa jambo hilo, kwa lugha nyingine, nikiwa na miaka tisa. Kila Idi ilipokaribia tulipaka nyumba yetu chokaa. Baba alinipa brashi ya katani na upande wa nyuma, ambao wageni hawauoni. Mimi nilitaka nipake mara moja, nene, niende kucheza. Yeye alitaka ukuta upigwe brashi kavu kwanza mpaka vumbi lote litoke, kisha unyweshwe maji, kisha upakwe chokaa nyepesi kama maziwa, usubiri, upake tena. "Ukipaka juu ya vumbi," alisema, "umelipaka vumbi. Ukuta hujaugusa." Upande wangu ulipasuka na kubanduka kabla ya mwezi kwisha. Aliuacha hivyo mwaka mzima niwe nauona.

Aliwahi pia kunipeleka Kilwa Kisiwani, enzi alipokuwa akipeleka chokaa kwa ajili ya ukarabati wa magofu. Kisiwa hicho na Songo Mnara viliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, vikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, vikatolewa humo mwaka 2014. Ndani ya Msikiti Mkuu, ambao ulishakuwa msikiti wa zamani Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, alinionyesha mahali ambapo niru imemeguka, akapitisha ukucha pembeni ya mmeguko. Ilikuwa na mistari, kama ukurasa wa kitabu ukitazamwa kwa ubavu. "Kila mstari ni mtu aliyesubiri," akasema.

Sitaki kulazimisha ufanano. Utando wangu unashikwa na chaji. Chokaa ya baba inashika kwa njia nyingine kabisa: inanyonya kaboni dayoksaidi kutoka hewani, ileile iliyofukuzwa na tanuri, na kurudi polepole kuwa jiwe. Lakini kuna jambo moja nililokuta kwenye makala za kisayansi lililonifanya niweke simu chini. Baba haitumii chokaa iliyozimwa leo kwa kazi ya niru. Huizamisha kwenye shimo, akaifunika na maji juu, akaiacha ilale miezi. Nilidhani ni desturi tu. Mwaka 1998 watafiti walionyesha kwamba chokaa ikikaa chini ya maji, fuwele zake hubadilika, zinakuwa ndogo zaidi na bapa, mpaka sehemu yake inafikia ukubwa wa koloidi. Ndiyo maana inateleza chini ya mwiko na kushika vizuri. Baba amekuwa akitengeneza koloidi tangu kabla sijajua kuandika jina langu.

Ningependa kusema kwamba baada ya kusoma hayo nilimpigia simu. Sikumpigia. Niliiweka makala ile kwenye folda yenye jina "mengineyo".

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita pwani yetu. Mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, na eneo la Somanga hapakuwa na kupita. Asubuhi moja ya siku hizo nilikuwa maabara, kati ya tabaka la saba na la nane, simu ikaita. Alikuwa mdogo wangu, na nyuma ya sauti yake nilisikia mama akilia.

Paa la banda lilikuwa limevuja usiku. Ndani yake mlikuwa na magunia ya chokaa hai ambayo haijazimwa. Maji yalipoifikia ikaanza kuchemka ndani ya magunia, na baba akaingia kuyaokoa kabla banda halijashika moto. Gunia moja likapasuka mbele ya uso wake.

"Jirani kaleta mafuta ya nazi tumtie," mdogo wangu alisema.

Nilisikia sauti yangu ikitoka kavu, kama ya mtu mwingine. Msimtie mafuta. Msimtie kitu chochote. Mpanguseni kwanza unga ulioko usoni kwa kitambaa kikavu. Mlaze ubavu, jicho lililoumia zaidi liwe chini. Mfungueni kope kwa vidole, hata akipiga kelele. Mmwagie maji safi, kutoka upande wa pua kwenda nje, na msiache. Pipa lilikuwa limejaa maji ya mvua. Mvua iliyotuletea balaa ndiyo iliyotuletea na dawa. Mdogo wangu aliweka simu chini, sauti ikiwa wazi, na mimi nikachukua saa ya maabara ninayopimia tabaka, nikaiweka dakika thelathini. Kila aliposema "nadhani inatosha", nilisema bado. Nilisikia kopo likigonga pipa, maji yakimwagika, baba akigumia, kopo likigonga pipa tena. Nusu saa nzima nilimsuuza baba yangu kwa simu, kilomita mia tatu, kisha bodaboda akampeleka hospitali.

Simu ilipokatika niligeuka na kujiona kwenye kioo cha kabati la kemikali. Nilikuwa nimevaa miwani ya kinga. Ile ya plastiki, inayofunika mpaka pembeni, ambayo haturuhusiwi kuingia maabara bila kuivaa. Nilikuwa nimeivaa kujikinga na maji yenye silika kidogo, ambayo yakinirukia jichoni nitafikicha na kuendelea. Nilikuwa na miwani mingine ya akiba kwenye droo. Nimekwenda nyumbani likizo zote tangu mwaka wa kwanza wa shahada ya kwanza. Nimepeleka mikate, kanga za mama, chaja za simu. Nimemkuta baba akizima chokaa kwa macho matupu, amekunja uso na kugeukia pembeni kama afanyavyo miaka yote, nikampa shikamoo nikapita. Nilijua kikemia, kwa milinganyo, chokaa hai ikikutana na maji ya jicho inafanya nini. Nilishajibu swali hilo kwenye mtihani. Na haikunijia hata siku moja kwamba elimu ile ilimhusu yeye.

Nilikaa chini pale sakafuni. Tabaka la nane halikuwekwa siku hiyo.

Barabara ilipofunguka nilikwenda. Jicho la kushoto limepona. La kulia limebaki na ukungu. Anaona mwanga na kivuli cha mtu, hasomi sura. Daktari alimwambia mama kuwa bila yale maji lisingebaki hata hilo. Mama aliwasimulia majirani kwamba mwanawe ni daktari. Nilimsahihisha, akanitazama kama mtu anayekataa zawadi.

Nilikuwa nimebeba miwani mitano ya kinga kwa ajili yake na vijana wanaomsaidia. Baba alivaa mmoja, akatoka nao barazani, akamwambia jirani kwamba sasa yeye ni mzamiaji. Watu walicheka sana. Mimi sikuweza. Usiku nilimwomba radhi, nikamweleza kuhusu miwani ya kwenye droo. Alinyamaza muda, kisha akasema, "Na mimi sikuwahi kukuuliza kazi yako ni nini. Tumetoka sare." Hatukutoka sare, na yeye alijua. Ni baba tu.

Asubuhi nilimwonyesha vioo. Nilileta vitatu: kimoja chenye tabaka nne, kimoja chenye nane, kimoja chenye kumi na mbili. Alikipeleka cha mwisho kwenye jicho zima, akakiinamisha kwenye jua la barazani mpaka rangi ya zambarau ikatokea. Akapitisha ukucha pembeni, kama alivyofanya msikitini.

"Hii inabanduka?"

"Ikisuuzwa vizuri kila tabaka, haibanduki kirahisi."

"Na hizo punje zake mnazipata wapi?"

"Zinakuja kwenye chupa."

"Chupa haizai, mwanangu. Mmevunja nini kuzipata?"

Nilimwambia silika asili yake ni mchanga, unayeyushwa pamoja na magadi kwa moto mkali. Akauliza, mchanga wa wapi. Akauliza, moto wa nini. Sikuwa na jibu. Niliporudi Dar es Salaam niliisoma lebo ya chupa mbele na nyuma. Kuna jina la kampuni, kuna kiwango cha pH, kuna onyo kuhusu macho. Mahali ulipochotwa mchanga hapajaandikwa. Miaka yote nimemwonea baba aibu kwa sababu mwamba alioubomoa unajulikana ulipo. Wangu mimi umefichwa tu ndani ya chupa safi.

Hachomi tena. Mdogo wangu ameliendesha tanuri mara mbili tangu wakati huo, kwa mawe ya nchi kavu, akiwa amevaa miwani, na tunabishana kwa simu kuhusu magogo, kwa sababu mikoko nayo si yetu ya kuteketeza. Kioo cha tabaka kumi na mbili kipo dirishani nyumbani. Mama anasema kinavutia nzi.

Mwezi uliopita nilijaza fomu nyingine, ya kuomba kuongezewa muda wa utafiti. Mstari ule ulikuwepo. Niliandika "mchoma chokaa". Karani aliisoma, akainua uso.

"Ndiyo kazi gani hiyo?"

Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu na mtu mmoja alishaanza kuguna. Nikaegemea dirisha, nikaanza kumweleza tangu kwenye magogo.